CHANDARUA KIMOJA, ELIMU TATU

(Hotuba iliyosomwa Matiri siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



 Barua ya Kamati ilinitaka nizungumze juu ya matokeo mapya ya utafiti wa sayansi katika afya, katika elimu ya viumbe na katika elimu ya vitu vinavyotengenezwa viwandani. Nilipoisoma nilicheka peke yangu. Mada ya namna hiyo ingetosha wiki nzima, nami nimepewa dakika 40, tena kabla ya chakula. Lakini mpishi haonji sufuria nzima. Huonja punje chache akajua kama wali umeiva. Kwa hiyo nimeamua kuchukua kitu kimoja tu, ambacho ndani yake elimu zote tatu zimo.

Mfuko huu mnaouona una vyandarua vitatu. Cha kwanza ni kipya, bado kimo katika karatasi yake. Cha pili ni kikuukuu, kina matundu mnayoweza kuyaona hata mlioko huko nyuma. Cha tatu si chandarua kizima, ni kipande kilichokatwa kwa kisu, na bado kina udongo. Hicho cha tatu nitakieleza mwishoni, maana kina aibu yangu mwenyewe.

Nianze na sababu ya kulichagua jambo hili. Mimi ni mtoto wa ukanda wa ziwa, upande wa Lituhi. Mwaka 1978, nikiwa darasa la sita, mdogo wangu wa kike alishikwa na homa mchana, na usiku akaanza kukakamaa na kugeuza macho. Wazee walisema ni degedege. Kwetu degedege lilikuwa ugonjwa wa peke yake, wenye dawa yake ya kienyeji, na mtoto wa degedege hakupelekwa kwa mganga wa sindano. Mama alifanya kila alilofundishwa na mama yake. Kulipopambazuka tulikuwa tunachimba kaburi. Hakuna mtu katika nyumba ile aliyemtaja mbu. Si kwamba tulikuwa wajinga. Ni kwamba hakuna aliyekuwa ametuunganishia mambo hayo mawili, mbu wa jioni na mtoto wa alfajiri.

Baadaye nilisoma, nikawa mtu wa maabara, na kwa miaka 30 kazi yangu imekuwa kutazama damu za watu kwa darubini. Kwa hiyo mambo nitakayowaambia mengine nimeyasoma, na mengine nimeyaona kwa jicho langu.

Elimu ya kwanza: mbu

Mwaka 1880 daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, akifanya kazi Algeria, aliona vimelea hai katika damu ya mgonjwa wa malaria. Mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa India, aliona vimelea hivyo ndani ya tumbo la mbu. Ilikuwa imepita miaka 81 mdogo wangu alipofariki. Ndugu zangu, hapo pana fundisho la kwanza: ugunduzi kuandikwa kitabuni ni jambo moja, na ugunduzi kufika kwenye mkeka wa mtoto ni jambo jingine.

Mbu anayeeneza malaria ni jike wa anofelesi, naye hupenda kuuma usiku, watu wakiwa wamelala. Wazo la kulala ndani ya wavu ni la zamani sana. Lakini chandarua kitupu kina udhaifu wake: mkono ukikigusa, mbu huuma kwa nje, kikitoboka, huingia.

Dawa ya kuua wadudu tulikuwa nayo mashambani kwetu. Nazungumzia pareto, lile ua jeupe linalolimwa Mufindi, Mbeya na sehemu nyingine za nyanda za juu. Unga wa pareto humwangusha mdudu mara moja, lakini ukikaa juani hupoteza nguvu. Wanakemia wakachunguza umbo la dawa iliyomo katika ua lile, wakajaribu kutengeneza iliyofanana nayo lakini iliyo imara zaidi. Mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake, katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, walitangaza dawa iliyostahimili mwanga wa jua. Iliitwa permethrini. Huyo ni mtoto wa kiwandani wa ua la pareto.

Sasa wadogo zangu, sikilizeni jinsi utafiti unavyofanywa, kwa sababu wengi hudhani lazima kuwe na mashine za kutisha. Katika miaka ya 1980, mkoani Tanga, watafiti walijenga vibanda vidogo vyenye vizuizi na mitego ya kuwanasa mbu wanaotoka. Watu walilala humo ndani ya vyandarua, vingine vyenye permethrini na vingine visivyo na dawa, vingine vizima na vingine vimetobolewa makusudi. Kila asubuhi walikusanya mbu na kuwahesabu: wangapi wamekufa, wangapi wazima, wangapi wameshiba damu na wangapi wana njaa. Basi. Kibanda, mtego, daftari na uvumilivu. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1987, yalionyesha kwamba hata chandarua kilichotoboka, kikitiwa dawa, bado kiliwazuia mbu wengi. Mbu alipotafuta tundu, alikanyaga dawa kabla hajalipata.

Likabaki swali kubwa zaidi: je, watoto watapona kweli, huko vijijini, kwa watu wa kawaida? Swali hilo lilijibiwa Kilombero na Ulanga na watafiti wa Ifakara. Vyandarua vyenye dawa viliuzwa kwa bei nafuu madukani na vijijini, na watafiti wakafuatilia watoto kwa miaka. Mwaka 2001 walichapisha kwamba watoto wadogo waliolala ndani ya vyandarua hivyo walipungukiwa na vifo kwa asilimia 27. Kwa Afrika nzima, hesabu iliyochapishwa mwaka 2015 ilikadiria kwamba tangu mwaka 2000 njia mbalimbali za kupambana na malaria zilizuia matukio milioni 663 ya ugonjwa huo, na sehemu kubwa kuliko zote, asilimia 68, ilitokana na vyandarua vyenye dawa.

Elimu ya pili: uzi

Nakuja kwa chandarua chenyewe kama kitu kilichotengenezwa. Wazee wenzangu mtakumbuka vyandarua vya kwanza vyenye dawa. Tulivichovya wenyewe katika beseni, tukavaa mifuko ya plastiki mikononi, tukavianika kivulini. Dawa ile ilidumu kwa miezi kadhaa, na kila kikifuliwa ilipungua. Ilibidi kuchovya tena. Nani alirudi kuchovya? Wachache. Mtu ana palizi, ana mavuno, ana msiba, beseni linasahauliwa.

Hapo ndipo elimu ya vitu ilipoingia. Kampuni ya Sumitomo Chemical ya Japani ilifanya jambo ambalo ukilisikia unajiuliza kwa nini hukulifikiria wewe. Badala ya kupaka dawa juu ya uzi, waliichanganya ndani ya plastiki ilipokuwa imeyeyushwa, kabla haijavutwa kuwa uzi. Plastiki hiyo ni polithini, jamaa ya ile ya ndoo na mifuko. Dawa ikawa imo ndani ya uzi kama mafuta yalivyo ndani ya karanga. Dawa ya juu ikifutika kwa kufuliwa, nyingine hutoka ndani polepole ikaja juu kuchukua nafasi yake. Vyandarua vingine hutengenezwa kwa nyuzi za poliesta, na dawa hugandishwa juu ya uzi kwa gundi maalumu ili isitoke upesi.

Na jambo la kujivunia ni kwamba mwaka 2003 kiwanda cha A to Z cha Arusha kilianza kutengeneza vyandarua vya polithini vyenye dawa kwa ufundi huo wa Kijapani. Uzi ulivutwa Arusha, ukafumwa Arusha na kushonwa Arusha. Mtu akikuambia kwamba ufundi wa hali ya juu hauwezi kukaa Tanzania, mpe mfano huo.

Elimu ya tatu: jibu la mbu

Lakini adui naye hana usingizi. Mbu huzaliana kwa wingi mno, na kila kizazi hakifanani kabisa na kilichotangulia. Kati ya maelfu, wachache huzaliwa na tofauti ndogo inayowawezesha kuivumilia dawa. Wenzao wakifa, wao hubaki, na watoto wao hurithi tofauti ile. Huo ndio usugu. Hakuna mbu aliyejifunza. Waliokuwa dhaifu wamekufa, basi.

Usugu huo una njia mbili kubwa. Permethrini huua kwa kushikilia wazi vilango vidogo vilivyomo katika mishipa ya fahamu ya mbu, akatetemeka na kuanguka. Mbu wengine wamezaliwa na kilango chenye umbo lililobadilika kidogo, dawa haikishiki vizuri. Ni kama kitasa kilichobadilishwa: ufunguo ni ule ule lakini mlango haufunguki. Mbu wengine wana vimeng'enya vingi mwilini, yaani vile vitenda kazi vya seli vinavyovunjavunja sumu kabla haijafanya madhara.

Angalieni basi maana yake kwa chandarua hiki cha pili chenye matundu. Mbu akiwa dhaifu kwa dawa, tundu si neno kubwa, kama walivyoona wale wa Tanga. Mbu akiwa sugu, tundu ni mlango. Dawa ikishindwa, kinachobaki ni uzi peke yake.

Watafiti walijibu kwa njia mbili, na zote zilipimwa hapa kwetu Tanzania. Ya kwanza ina historia nzuri kwetu sisi wa kusini tunaolima ufuta. Katika miaka ya 1940 iligunduliwa kwamba mafuta ya ufuta yakichanganywa na pareto huiongezea pareto nguvu. Kutokana na elimu ya namna hiyo wanakemia walitengeneza dawa saidizi, ambayo kwa kifupi huitwa PBO. Yenyewe si sumu kali kwa mbu. Kazi yake ni kuvifunga mikono vile vimeng'enya, ili permethrini na ndugu zake wapite. Vyandarua vya aina hiyo vilijaribiwa Muleba, mkoani Kagera, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba watoto wa vijiji vilivyovipata waliambukizwa malaria kwa kiasi kidogo kuliko wa vijiji vyenye vyandarua vya kawaida.

Njia ya pili ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote. Ipo dawa iitwayo klorofenapiri. Inapomgusa mbu haina ukali mkubwa. Lakini vile vimeng'enya vya mbu sugu, vilivyozoea kuvunjavunja dawa, vikiishika hii huigeuza kuwa sumu kali inayozuia seli zisitengeneze nguvu, na mbu akafa. Silaha yake mwenyewe ndiyo inayomuua. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe.

Je, kijijini inafanya kazi? Hilo lilipimwa Misungwi, mkoani Mwanza, na wataalamu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, wenzao wa chuo cha tiba cha KCMC Moshi, na wa chuo cha magonjwa ya nchi za joto cha London. Maeneo 84 yaligawanywa kwa kura katika makundi 4, na mapema mwaka 2019 kila kundi likapewa aina yake ya chandarua: cha kawaida, chenye PBO, chenye dawa ya kumfanya mbu asizae, na chenye klorofenapiri. Baada ya miezi 24 watoto walipimwa damu. Taarifa iliyoongozwa na Daktari Jacklin Mosha ilichapishwa mwaka 2022. Katika kundi la chandarua cha kawaida, watoto 549 kati ya 1,199 walikuwa na malaria, yaani karibu 46 katika kila 100. Katika kundi la klorofenapiri walikuwa 326 kati ya 1,272, yaani karibu 26 katika kila 100. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chandarua hicho kitumike mahali penye mbu sugu.

Lakini msomaji mwaminifu hasomi ukurasa mmoja tu. Katika utafiti huo huo, yale makundi mengine mawili, baada ya miezi 24, hayakuwa na tofauti ya kutegemewa na kundi la chandarua cha kawaida. Hata lile la PBO, ambalo Muleba lilifanya vizuri. Dawa hupungua, vyandarua huchanika, watu huacha kuvitumia. Elimu zote tatu zinaweza kuwa sahihi kiwandani, na zikashindwa chumbani.

Mtaniuliza: si kuna chanjo siku hizi? Ipo, na ni furaha kubwa. Chanjo iitwayo R21 ilijaribiwa katika nchi nne za Afrika, na Bagamoyo ilikuwa miongoni mwa vituo vyake. Katika vituo ambako watoto walichanjwa bila kufuata msimu wa mvua, kama Bagamoyo, ilizuia asilimia 68 ya malaria katika mwaka wa kwanza. Shirika la Afya Duniani liliikubali mwezi Oktoba 2023. Lakini 68 si 100. Zile 32 zinazobaki zinahitaji chandarua.

Chandarua kikitoka dukani

Vyandarua hivi hutengenezwa kwa nia ya kudumu miaka 3. Watafiti wa Ifakara walivifuatilia vya aina tatu katika wilaya 8 za Tanzania, wakaona kwamba kwa kawaida havikufika miaka 3. Vilikuwa vimechakaa kati ya mwaka wa pili na wa tatu. Chandarua huchanwa na nini? Na ncha za miti ya kitanda. Na panya. Na cheche za koroboi. Na mkono wa mtoto anayekivuta akichomekewa. Hayo si mambo ya London wala Arusha, ni ya chumbani kwetu.

Wamatengo wenzangu mnanielewa vizuri zaidi kuliko mtu yeyote. Mababu walichimba ngolo katika milima ya Mbinga, wakalaza nyasi, wakafukia, na kilima kikakaa na udongo wake hata mvua ikinyesha. Katika miaka ya 1990 walikuja wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wa Chuo Kikuu cha Kyoto kujifunza kwetu jinsi ngolo zinavyohifadhi udongo na maji. Lakini nani asiyejua kwamba ngolo haichimbwi mara moja kwa maisha? Huchimbwa upya kwa zamu, kila baada ya miaka miwili hivi, la sivyo shamba huchoka na udongo huteremka bondeni. Chandarua nacho kina zamu yake. Anayekitegemea bila kukitazama ni sawa na mtu anayekula maharage ya ngolo za babu yake bila kushika jembe.

Mkoa wetu wa Ruvuma una sehemu ya pekee katika habari hii. Mwaka 2013, ulipoanzishwa mpango wa kugawa vyandarua kupitia shule, mikoa mitatu ya kwanza ilikuwa Ruvuma, Lindi na Mtwara. Wanafunzi ndio waliovibeba hadi nyumbani. Serikali haikutuma lori kila kijiji. Ilituma mtoto wa shule.

Na kuna safari nyingine ya chandarua ambayo sisi wa ziwani tunaijua na hatupendi kuitaja. Vyandarua huunganishwa vikawa kokoro, vikavutwa ufukoni kuvua usipa. Tundu la chandarua ni dogo mno, haliachi kitu. Vifaranga vya magege na samaki wengine wa kando kando vinatoka na usipa, vinaanikwa pamoja.

Simlaumu mvuvi mwenye njaa, mimi nimekula usipa huo. Lakini sikilizeni walichokiona wenzetu upande wa Malawi, maana ziwa ni moja na samaki hajui mpaka. Ziwa Nyasa lina mamia ya aina za samaki wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Baadhi yao wana taya za kusaga konokono. Na konokono, kama mlivyosoma, ndio wanaobeba kichocho. Wataalamu waliofanya kazi Cape Maclear, kusini mwa ziwa, waliandika mwaka 1997 kwamba samaki wala konokono walikuwa wamepungua sana kwa kuvuliwa kupita kiasi, konokono wakaongezeka, na kichocho kikazidi mahali ambapo zamani watu walioga bila hofu. Wakashauri uvuvi wa kando ya ufuko uzuiwe ili samaki hao warudi.

Tazameni basi jinsi duara linavyofunga. Kitu kilichotengenezwa ili kumkinga mtoto na malaria, kikihama kutoka kitandani kwenda ziwani, mtoto yule yule anabaki na mbu usiku, na mchana anaoga katika maji yenye konokono wengi zaidi. Magonjwa mawili kwa chandarua kimoja.

Aibu yangu

Sasa nakitoa kipande cha tatu. Nilipostaafu nilipanda miche ya kahawa, na miche michanga hupenda kivuli. Nyumbani tulikuwa na vyandarua vitano na vitanda vinne. Nikasema moyoni kwamba kimoja ni cha ziada, nikakikata kwa kisu hiki hiki ninachomenyea machungwa, nikafunika kitalu. Miche ilistawi sana, sitaki kuwadanganya.

Mwezi wa pili mjukuu wangu aliletwa kutoka Songea kukaa nasi. Tulimlaza mkekani, sebuleni, na hakukuwa na chandarua cha kumfunika. Baada ya wiki tatu alipata homa, na usiku ule akakakamaa na kugeuza macho, vile vile kama nilivyoona mwaka 1978. Safari hii hakuna aliyesema degedege ni ugonjwa wa peke yake. Tulimbeba kwa pikipiki hadi kituo cha afya. Kijana wa maabara alikuwa mwanafunzi wangu zamani, akaniruhusu nitazame slaidi. Ndugu zangu, nimetazama maelfu ya slaidi, lakini hakuna niliyoisoma kwa mikono inayotetemeka kama ile. Vimelea vilikuwa vimejaa kama punje za mtama zilizomwagika. Akachomwa sindano ya artesuneti, na baada ya siku mbili akaomba chai.

Leo yuko hai, anasoma darasa la tatu. Lakini nimekaa na swali. Mama yangu alimpoteza mtoto kwa sababu hakuna aliyemwambia. Mimi niliambiwa, tena mimi ndiye niliyekuwa nikiwaambia wengine. Laveran, Ross, vibanda vya Tanga, Ifakara, kiwanda cha Arusha, kazi zote hizo zilikuwa zimefika hadi mlangoni kwangu, nami nikazikata kwa kisu nikafunika miche. Ndiyo maana nimekibeba kipande hiki mbele yenu.

Ombi langu

Wanafunzi wa sasa, nina ombi moja, na mkilitimiza mtakuwa mmefanya utafiti. Wataalamu wana njia rahisi ya kupima chandarua, isiyohitaji hata rula. Tundu lisilopitisha kidole gumba ni daraja la kwanza. Linalopitisha gumba lakini si ngumi ni la pili. Linalopitisha ngumi lakini si kichwa ni la tatu. Linalopitisha kichwa ni la nne. Chukueni daftari. Mkaguae vyandarua vya mabweni yenu na vya nyumbani wakati wa likizo: kimepatikana mwaka gani, kina matundu mangapi ya kila daraja, yako juu au chini, nani amelala ndani yake jana usiku, na nani amelala nje. Andikeni pia kama kipo bustanini, kwenye banda la kuku au ziwani, bila kumtaja mtu. Mwalimu wa elimu ya viumbe na mwalimu wa hesabu wawasaidie kupanga majedwali, na mwakani mtusomee matokeo hapa hapa. Nitafurahi zaidi kusikia hesabu zenu kuliko kurudia hotuba yangu.

Kisha shoneni. Tundu la ngumi hushonwa kwa sindano na uzi kwa dakika tano. Kifueni kwa sabuni ya kawaida, msikianike juani. Na chandarua kikiisha kazi kabisa, kisihamie majini.

Nanyi wazee wenzangu, tulizoea kuchangia bati na saruji, na ni vizuri. Mwaka huu napendekeza tuchangie pia darubini moja nzuri kwa maabara ya shule, ili mtoto wa Matiri aone kwa jicho lake kile alichokiona Laveran mwaka 1880. Mtu aliyekiona kimelea hakati chandarua ovyo. Au walau, akikikata, atajua anakata nini.

Ndugu Mwenyekiti, nasikia harufu ya pilau, nami nisiwe mtu wa kuchelewesha watu. Vyandarua hivi viwili naviacha kwa mwalimu wa elimu ya viumbe. Kile kipande narudi nacho nyumbani.